Shukrani ya mgeni: tunashukuruje katika mwaka wa kwanza wa umisheni ng'ambo?

Mleta uzi

Wapendwa, salaam.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wale waliotumwa kufanya umisheni nje ya nchi zao, hasa walio katika mwaka wa kwanza, ambao kila wakipiga simu nyumbani au kuandika barua ya maombi hujibiwa neno lile lile: shukuruni kwa kila jambo. Neno hilo ni la Paulo, limo katika waraka wake wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, na sina nia ya kulipinga. Ninachotaka tujadili ni namna ya kulitekeleza pale ambapo mtu hajui lugha, usingizi umemkimbia, kila shughuli ndogo inamla nusu siku, na kazi aliyoiombea kwa miaka haifanani kabisa na alivyoiwaza.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, ili atakayetaka kuupinga asipate taabu ya kuutafuta. Naona wengi wetu tunashindwa kushukuru ugenini kwa sababu tumekwenda tukiwa tumejiandaa kutoa tu. Tumefundishwa kuhubiri, kufundisha, kutibu na kujenga, lakini kupokea hatukufundishwa. Asiyepokea hana cha kushukuru isipokuwa mambo ya jumla, ambayo huyarudia katika sala mpaka yakapoteza ladha. Shukrani ya kweli huanza siku ambayo mmisionari anakubali kwamba yeye ni mgeni, tena mgeni mwenye shida, na kwamba wenyeji wake wanampa vitu ambavyo fedha za kanisa lililomtuma haziwezi kununua.

Hata hivyo tusidanganyane kuhusu hali yenyewe. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada, aliieleza katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954, na mwaka 1960 maelezo yake yakachapishwa katika jarida lililosomwa sana na wamisionari na watafsiri wa Biblia. Alisema kwamba mtu anapohamia kwa watu wengine hupoteza zile ishara ndogondogo ambazo kwao humwongoza bila yeye kuzifikiria: lini apeane mkono na mtu, mwaliko upi aukubali na upi aukatae, kauli ipi aichukulie kwa uzito na ipi aiache ipite. Dalili alizozitaja huchekesha mpaka zimpate mtu mwenyewe: kunawa mikono kupita kiasi, kuyashuku maji na matandiko, kutazama mbali kama ambaye hayupo, kuwaka hasira kwa ucheleweshaji mdogo, na kutamani mno kuongea na mtu wa kwao. Hatua ya kwanza ni kama fungate, ambapo kila kitu kinapendeza. Katika hatua ya pili, mgeni huwatafuta wageni wenzake ili wakae pamoja na kuwasema wenyeji.

Hatua hiyo ya pili huweza kuvaa kanzu ya ibada. Katika kituo kimoja kulikuwa na kikao cha jioni cha wageni peke yao. Kilianza kwa wimbo, kikafuatiwa na sala za shukrani, na baada ya muda si mrefu mazungumzo yakawa ni ya kuwahesabia wenyeji kasoro zao: hawajali muda, hawasemi wazi, hawaaminiki. Kikao kikafungwa kwa sala nyingine ya shukrani. Waliokuwapo walikuwa watu wema, waliokuja kwa moyo na kwa gharama kubwa. Ila katika zile sala hakutajwa mwenyeji hata mmoja kuwa amefanya jambo lolote la kushukuriwa.

Ukiyasoma Maandiko kwa jicho la mgeni, utaona mambo ambayo ukiwa kwenu hupita bila kugundua. Katika Luka 10, Yesu anawatuma wale sabini akiwakataza kuchukua mfuko, mkoba wala viatu, na anawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea, wale watakachowekewa. Nimesikia mahubiri mengi juu ya aya hizo, na karibu yote yalihusu imani ya waliotumwa; juu ya nyumba zilizowapokea sikusikia mengi. Lakini agizo lenyewe liliwafanya wajumbe hao kuwa wahitaji kwa makusudi, kwa kuwa hawakuachiwa njia ya kuwafikia watu isipokuwa kwa kuhudumiwa nao. Tazama pia Matendo 28. Meli imevunjika, watu 276 wamefika Melita wakiwa wamelowa, na wenyeji wa kisiwa, wasiomjua Mungu wa Paulo, wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo anaokota kuni. Kuwaombea wagonjwa wa kisiwani kulikuja baadaye. Kwanza mtume aliota moto uliowashwa na wengine.

Katika historia ya umisheni, mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Charles de Foucauld, padri Mfaransa aliyehamia Tamanrasset, kusini mwa Algeria ya leo, mwaka 1905 ili aishi kati ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Alikuwa mtu wa kutoa: aligawa chakula, dawa na muda wake. Mwanzoni mwa mwaka 1908, wakati wa ukame mkali, aliugua akaishiwa nguvu kabisa. Majirani zake, ambao nao walikuwa na njaa, wakatafuta mbuzi wachache waliokuwa bado na maziwa, wakamletea maziwa hayo mpaka akainuka. Wengi walioandika habari zake wanaona kwamba maisha yake yaligeukia hapo, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa mikononi mwa watu aliokuja kuwahudumia. Aliuawa mwaka 1916, akiwa hajaacha usharika wala wafuasi kati yao, ila aliacha kazi kubwa ya kamusi ya lugha yao. Mwaka 2022 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Mimi mambo hayakunifikia kiasi hicho. Aliyenifundisha kupokea ni mzee mmoja jirani, ambaye alijipa kazi ya kunisikiliza. Asubuhi alisimama upande wake wa uzio, nami nikamweleza ninachokusudia kufanya siku hiyo. Nikikosea hakucheka, wala hakunikatiza. Aliirudia sentensi yangu kama anayeuliza, ikiwa imenyooka, kisha akanyamaza akisubiri. Nikiirudia sawasawa aliitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Ibada zetu hakuhudhuria na hakuonyesha kuzihitaji. Hata hivyo mahubiri yangu ya kwanza katika lugha ile yalijaa sentensi zilizopita kwenye uzio wake, na nilipoanza kumtaja kwa jina katika sala ya jioni, nilikuwa kwa mara ya kwanza ninashukuru kwa jambo ninaloweza kulionyesha kwa kidole.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kuishi ng'ambo kwa utume na mnaoona nimepotoka.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umelikwepa jambo moja ambalo kwetu liliumiza watu. Kuna viongozi wanaoitumia shukrani kama kizibo cha mdomo. Mtumishi akisema amechoka, anaambiwa ahesabu baraka zake. Akisema nyumba haikaliki, anakumbushwa wamisionari wa zamani waliosafiri kwa miguu. Nilifanya kazi na dada mmoja ambaye ripoti zake za kila mwezi zilikuwa za furaha tupu, na ofisi ilizisoma mbele ya kanisa kama ushuhuda, hali yeye mwenyewe alikuwa hawezi kutoka kitandani. Sitaitaja ofisi hiyo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemsaidia mapema, kwa sababu karatasi zilisema anashukuru.

Tunapenda kumsifu William Carey, mmisionari Mwingereza aliyefika Bengal, India, mwaka 1793 na kutafsiri Maandiko katika lugha nyingi. Mkewe Dorothy tunamtaja haraka haraka. Mwanamke huyo alikataa kwanza kwenda, kisha akakubali siku za mwisho, akiwa na mtoto mchanga mikononi. Mwaka 1794 mtoto wao Peter, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alikufa, na akili ya mama huyo ikavurugika, isirudi tena mpaka alipofariki mwaka 1807. Napenda mtu aniambie ni nani angekuwa na uso wa kusimama mbele ya Dorothy na kumsomea Wathesalonike sura ya 5.

Zaburi zenyewe hazina haya hiyo tuliyo nayo. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu ni hata lini ataendelea kusahau. Zaburi ya 137 ni ya watu walio nchi ya ugeni, wanaombwa waimbe, nao wanauliza wataimbaje. Waliozikusanya nyimbo hizo waliona kwamba kulia mbele ya Mungu ni ibada, na sijaona mahali ambapo waimbaji hao walitakiwa waandike kwanza mambo matano ya kushukuru.

Mfano mwingine uko katika waraka kwa Wafilipi, na ajabu ni kwamba hauhubiriwi. Epafrodito alitumwa na kanisa lake kumhudumia Paulo gerezani. Akaugua karibu ya kufa, kisha akahuzunika sana alipojua kwamba kwao wamesikia habari za ugonjwa wake, akawa na shauku ya kuwaona. Kwa lugha ya leo tungesema mmisionari ameshindwa kuzoea. Paulo alimrudisha nyumbani, na akaliandikia kanisa limpokee kwa furaha yote na kuwaheshimu watu wa namna yake. Hakumkemea kwa kukosa shukrani.

Mleta uzi

Mtumishi, nakubaliana nawe, na la Epafrodito umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi. Naongeza tu kwamba Paulo naye hakujificha. Katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 1, anaeleza kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Katika waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 4, anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, anamsihi Timotheo ajitahidi kuja kabla ya majira ya baridi, na anasema kwamba katika utetezi wake wa kwanza hakuna aliyesimama naye. Ni mzee mwenye baridi, anayetaka vitabu vyake na rafiki yake. Na ni huyo huyo aliyeandika mahali pengine kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Alijifunza, hakuzaliwa nayo, wala hakuipata siku meli ilipotia nanga.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba shukrani ni dawa ya huzuni. Huzuni ina haki yake, na ugonjwa wa nafsi una matibabu yake; mkuu wa kituo hawezi kuuondoa kwa aya moja. Ninachodai ni kidogo zaidi. Katika mwezi ule ule ambao mtu analia, yupo mtu aliyemtendea jambo, na kulitambua jambo hilo hakumlazimu afute machozi.

Mchangiaji wa pili

Nachangia upande wa utendaji, kwa kuwa nimewaandaa watumishi wachanga kwa muda, na wengi wao huniuliza wafanye nini hasa, jioni, wakiwa na kalamu mkononi.

Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi matatu. Kwa muda wa wiki 10, kundi moja liliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, la pili likaandika kero, na la tatu likaandika matukio ya kawaida. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi, wakaitazamia wiki inayofuata kwa matumaini zaidi, na wakilinganishwa na walioandika kero, walilalamikia maumivu machache ya mwili na kufanya mazoezi zaidi. Matokeo hayo ni mazuri, ila tukumbuke kwamba wale walikuwa wanafunzi katika chuo chao. Kumpa zoezi hilo mtu aliye ugenini bila kulibadilisha huleta orodha zinazofanana: afya, hewa, ulinzi wa Mungu, familia. Nimezisoma orodha hizo. Kuanzia wiki ya tatu mwandishi anajinakili mwenyewe.

Badiliko ninalolifanya limekaribia sana hoja ya mleta uzi. Nawaambia waandike mtu, si kitu. Na baada ya jina la mtu waandike tendo alilolifanya, kwa kitenzi, na mahali lilipofanyika. Aliyenionyesha mlango sahihi wa ofisi. Aliyenyamaza nilipoharibu salamu mbele ya wageni. Aliyekuja kukaa nami bila kusema lolote siku niliyopata habari ya msiba. Orodha ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa, na ikiwa wiki nzima imepita bila jina la mwenyeji hata mmoja, mwandishi anajua bila kuambiwa na mtu kwamba amekuwa akiishi na wageni wenzake.

Waliofuata njia ya Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, watatambua kwamba hili si geni. Sala yake ya kuichunguza siku, iliyomo katika Mazoezi ya Kiroho yaliyoidhinishwa mwaka 1548, ina hatua tano, na ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa mema yaliyopokelewa. Hapo ndipo mtu huomba nuru, akaipitia siku yake, akaomba msamaha na kuazimia kurekebisha. Mpangilio huo una hekima yake, kwa sababu anayeanza na makosa yake, hasa katika mwaka ambao kila siku ina makosa, huenda asifike kwingine.

Tahadhari moja: usidhani kwamba namna yako ya kushukuru ndiyo ya watu wote. Ziko jamii ambamo kumshukuru kwa maneno mtu wa karibu ni kumfanya mgeni kwako, na ziko ambamo kutosema ni ufidhuli. Mahali pengine shukrani ni kurudi kumtembelea mtu, au kumwomba nawe msaada mwingine ili uhusiano usikatike. Muulize mwenyeji unayemwamini, tena mapema.

Halafu kuna suala la muda. Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norway, mwaka 1955 aliandika kuhusu Wanorwe zaidi ya 200 waliokuwa wameishi Marekani kwa masomo na utafiti. Waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walionekana kuzoea kwa shida kuliko waliokaa muda mfupi zaidi na waliokaa muda mrefu zaidi. Tafiti za baadaye hazikuuona mwelekeo huo kila mahali, lakini mimi nautumia kuwatuliza vijana wanaoshangaa kwamba mwezi wa kwanza walishukuru kwa urahisi na mwezi wa nane hawawezi. Wito wao haujapotea. Fungate imekwisha tu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mama niliyefuatana na mume wangu katika utume, na kwa hiyo habari ya Dorothy Carey imenikaa. Wanaume wengi hufika wakiwa na kazi inayowangoja: mimbari, darasa, zahanati. Sisi tuliofuatana nao hufika tukiwa hatuna cheo wala ratiba, na wenyeji hawajui watuite nani. Nakiri kwamba kwa upande wa kupokea hilo lilikuwa na faida yake. Sikuwa na la kutoa, kwa hiyo nilisaidiwa kuanzia siku ya kwanza, na wanawake walionisaidia walikuwa rafiki zangu muda mrefu kabla mume wangu hajapata mtu wa kumwambia ukweli. Yeye alikuwa na ufunguo wa stoo na saini ya hundi. Mwenye vitu hivyo hupewa heshima nyingi na msaada mchache, na sidhani hili linazungumzwa vya kutosha katika vyuo vya umisheni. Fedha humzuia mtu kupokea kuliko hata lugha.

Jambo ninalotaka kuliongeza ni deni la nyumbani, kwani mleta uzi amewataja wenyeji tu. Wakati sisi tunaitwa watumishi, mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki na mama yetu. Yeye ndiye aliyempeleka kliniki, aliyekaa kwenye benchi kusubiri majibu, aliyemwogesha alipozidiwa. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku, akinieleza dawa zilizobadilishwa, na nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akiuliza ni nani anayeongea naye. Kanisa lilituombea sisi kila Jumapili kwa majina. Yeye hakuombewa, maana alikuwa nyumbani kwao tu. Siku nilipoliandikia kanisa kwamba utume huu una mtumishi wa tatu ambaye hakupanda ndege, na kuwaomba wamtembelee, nilihisi nimeshukuru kwa namna ambayo sala zangu zote za kabla ya hapo hazikuwa zimefika.

Kuhusu simu, watu hubishana kama mawasiliano ya mara kwa mara yanamsaidia mtumishi au yanamzuia asizoee. Francis Xavier, mmisionari Mjesuiti, alipokuwa katika visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, aliandika mwaka 1546 kwamba alikata saini za wenzake kutoka katika barua walizomwandikia, akazivaa mwilini pamoja na nadhiri zake. Barua zilimfikia kwa nadra mno, naye alizigeuza kuwa kitu cha kushika. Upande wa pili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo kwa miaka mingi liliwaruhusu wamisionari wake vijana kupiga simu nyumbani katika siku kuu chache za mwaka, na Februari 2019 likawaruhusu kuzungumza na familia zao kila wiki. Naliona badiliko hilo kuwa la busara. Nina shaka tu na simu inayopigwa kila siku, kwa sababu mtu anayesimulia siku yake jioni kwa walio mbali huacha kuwasimulia walio karibu, na jirani wa kwenye uzio anakosa mtu wa kumsikiliza.

Mchangiaji wa nne

Wachangiaji waliotangulia wamezungumza kana kwamba umisheni daima hutoka nchi tajiri kwenda maskini. Apolo Kivebulaya, mmisionari Mwafrika, alitoka Uganda kwenda Boga, katika Kongo ya leo, katika miaka ya 1890, bila fedha za kumtenga na watu. Alishtakiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha, akafungwa. Mtawala aliyemshtaki, Tabaro, baadaye akabatizwa. Apolo alifariki mwaka 1933, akiwa ameomba azikwe kichwa kikiwa upande wa msitu ambako alitaka kazi iendelee. Kwa mtu kama huyo sioni tatizo la kupokea, maana hakuwa na njia nyingine ya kuishi.

Swali langu kwa mleta uzi ni hili: je, mtumishi ambaye mwaka wa pili umeisha na bado hana cha kushukuru, wala hakuna aliyeupokea ujumbe wake, aendelee?

Mleta uzi

Ndugu, umefanya vema kumleta Apolo. Ameiweka hoja yangu mahali pake kuliko Foucauld, ambaye ilibidi augue ndipo apokee. Mama yetu naye amenipa jambo ambalo sikuwa nalo, na kuanzia sasa nitalitaja kila nitakapozungumza na wanaojiandaa kuondoka.

Kuhusu swali lako, nayatenganisha mambo mawili uliyoyaunganisha. Kukosa matunda si kipimo. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, alifika Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813 na mtu wa kwanza alibatizwa mwaka 1819. Katika miaka hiyo yote alikuwa akijifunza lugha kwa walimu wenyeji, na bila wao tafsiri yake ya Biblia isingekuwapo. Carey naye alingoja mpaka Desemba 1800 ndipo Krishna Pal akabatizwa. Anayeshukuru kwa hesabu ya waongofu atashukuru kwa kuchelewa sana, na wenyeji wakigundua kwamba wanapendwa kwa ajili ya hesabu hiyo, watamkwepa, nao watakuwa na haki.

Lakini mtu ambaye baada ya miaka miwili hana mwenyeji hata mmoja wa kumtaja, huyo asiachwe peke yake. Kwanza aangaliwe afya, na daktari, si kamati. Pili ahamishwe makazi, ikiwa anaishi ndani ya ukuta pamoja na wageni wenzake. Nimeona watu waliobadilika kwa kuhamia nyumba iliyo na majirani tu. Ikishindikana, arudi, na kanisa lisome Wafilipi sura ya 2, habari za Epafrodito, siku ya kumpokea. Anayerudi naye ana hatua zake za kuzoea upya, jambo ambalo watafiti John na Jeanne Gullahorn walilieleza mwaka 1963, na huenda akaanza kuwashukuru wale wenyeji akiwa tayari yuko mbali nao.

Kwa wanaotuma, nina pendekezo moja. Fomu nyingi za ripoti ya mwezi nilizoziona huuliza idadi ya ibada, mahudhurio, mafunzo yaliyotolewa, fedha zilizotumika, na mwishoni kuna nafasi ya mistari miwili ya mambo ya kushukuru. Nafasi hiyo hujazwa dakika ya mwisho. Badala yake iwekwe juu kabisa, na swali liwe: mwezi huu ni mwenyeji gani aliyekusaidia, kwa jambo gani, na sisi tuliokutuma tumfanyie nini? Chini yake liwekwe la pili: mwezi huu umelilia nini? Majibu ya swali la pili yasisomwe kanisani bila ruhusa ya aliyeandika.

Mwenye fomu ya namna tofauti inayotumika mahali pake naomba aiweke hapa tuilinganishe.